Mke wangu huniuliza najisikiaje, nami sina la kumjibu

Wapendwa washauri,

Habari za kazi. Nina miaka 36, nimeoa, na tuna binti mmoja wa miaka minne. Ni fundi umeme kiwandani hapa Morogoro. Mke wangu akiniuliza "Unajisikiaje?" huwa najibu "Niko sawa". Simfichi. Nikijitazama ndani sioni cha kumwambia. Yeye anaamini ama namdanganya ama simpendi, na siku hizi ameanza kunyamaza na yeye.

Mwezi wa tatu tulimzika baba. Ndugu walilia, mimi nikashughulika na turubai, gari la kubebea mwili, na chakula cha waombolezaji. Sikutoa chozi, na dada yangu akasema nina moyo wa jiwe. Siku chache baadaye nikaanza kuharisha, shingo ikakaza hadi siwezi kugeuka, na usiku moyo ukawa unanienda mbio. Nilipimwa malaria, vidonda vya tumbo na moyo. Vyote safi. Daktari akasema ni mawazo, lakini sikuwa na mawazo yoyote ninayoyajua.

Nimesoma mtandaoni kwamba wapo watu ambao sehemu za ubongo wao hazijaunganishwa vizuri, kwa hiyo hawazijui hisia zao wenyewe, na kwamba picha ya ubongo ya MRI inaonyesha. Nimeanza kuweka pesa ya kipimo hicho. Sijawahi kuumia kichwa, na nimekuwa hivi tangu shuleni. Je, ubongo wangu una hitilafu? Kipimo kitaionyesha? Kuna dawa? Na binti yangu atarithi?

Baba wa Mmoja, Morogoro

*

Kaka, pole sana kwa msiba wa mzee.

Tuanze na pesa, maana hiyo ndiyo inayoweza kupotea wiki hii. Usiende kupiga MRI kwa ajili ya jambo hili. Daktari akikuagiza kwa sababu nyingine, nenda. Lakini hakuna mtaalamu wa picha, awe Dar es Salaam au London, anayeweza kutazama ubongo wa mtu mmoja akasema huyu anazitambua hisia zake na yule hazitambui. Utarudi na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna kasoro iliyoonekana, ukiwa palepale ulipokuwa baada ya vipimo vya tumbo na moyo.

Ulichosoma si uongo, ila kimekatwa katikati. Hali unayoieleza inaitwa aleksithimia. Jina hilo lilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Peter Sifneos, daktari wa magonjwa ya akili wa Boston, Marekani. Yeye na mwenzake John Nemiah walikuwa wakizungumza na wagonjwa wenye maradhi ya mwili yanayochochewa na msongo. Wagonjwa hao walieleza maumivu na matukio kwa kirefu, lakini wakiulizwa wanajisikiaje, hawakuwa na jibu. Aleksithimia haihesabiwi kuwa ugonjwa unaojitegemea. Ni sifa ambayo kila mtu anayo kwa kiwango fulani, na baadhi yetu tunayo kwa wingi. Utafiti uliofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 1999 uliikuta kwa asilimia 13 ya watu wazima waliopimwa: wanaume asilimia 17, wanawake asilimia 10. Hauko peke yako hata kidogo.

Ina sura tatu. Ya kwanza ni ugumu wa kutambua hisia na kuitofautisha na hali ya mwili: je, tumbo hili ni njaa, ni ugonjwa, au ni hofu? Ya pili ni ugumu wa kumweleza mtu mwingine. Ya tatu ni mazoea ya kuelekeza akili kwenye mambo ya nje. Rudia kusoma barua yako uone. Umetuandikia turubai, gari, chakula, kuharisha, shingo na moyo. Hakuna mahali ulipoandika huzuni, hata pale ulipotaja kaburi la baba yako.

Kuna jambo moja linalochanganywa na hili, na kwetu huchanganywa sana kwa sababu watoto wa kiume wanakuzwa kwa "jikaze". Anayejikaza anajua anachokificha. Akiwa peke yake usiku, taa zimezimwa, anajua kwamba anamlilia baba yake. Wewe unasema hata ukijitazama huoni kitu. Hizo ni hali mbili tofauti, ingawa ndani ya mtu mmoja, moja inaweza kuzaa nyingine: mtoto ambaye miaka yote hakuambiwa jina la kile anachokipata, anaweza kufika utu uzima bila majina hayo.

Sasa ubongo. Hisia huanza mwilini kabla haijapata jina. Msimamizi akikufokea mbele ya wenzako, amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, huitika haraka kuliko unavyoweza kufikiri. Moyo unaongeza kasi, matumbo yanabana, misuli ya shingo na taya inakaza. Habari za mabadiliko hayo hurudi ubongoni kupitia uti wa mgongo na neva ya vagasi, na hupokelewa sehemu ya nyuma ya insula, eneo la gamba la ubongo lililojikunja kwa ndani, usawa wa panja kila upande. Hapo bado ni habari za mwili tu: moyo unakwenda mbio, tumbo limebana. Zinaposogea hadi insula ya mbele, zinaunganishwa na mengine: nani amesema, wapi, na nini kilitangulia. Insula ya mbele hufanya kazi bega kwa bega na eneo linaloitwa singulati ya mbele. Kutoka hapo habari hufika kwenye maeneo ya mbele ya ubongo na ya lugha, ndipo mtu anaweza kusema "nimeaibika". Safari ni ndefu na ina vituo vingi, na popote inapolegea, mtu hubaki na moyo unaokwenda mbio bila kujua kwa nini.

Ushahidi kwamba miunganiko hiyo ina maana ulianza na watu ambao kweli walikuwa wamekatwa. Mwaka 1977, Klaus Hoppe na Joseph Bogen walieleza habari za wagonjwa 12 wa kifafa ambao, ili kuzuia degedege lisienee, walikuwa wamekatwa daraja la nyuzi linalounganisha nusu ya kulia ya ubongo na ya kushoto. Wagonjwa hao walionyesha dalili zilezile: maneno yapo, akili ipo, lakini mazungumzo yao hayakuwa na hisia. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa wanajeshi wa zamani wa Marekani waliojeruhiwa kichwani katika vita vya Vietnam. Kadiri insula ilivyokuwa imeharibika zaidi, ndivyo walivyopata alama za juu za aleksithimia. Hao ni watu walioumia. Wewe hukuumia, na hali yako ni ya tangu utotoni, kwa hiyo matokeo yao yanatuonyesha njia ilipo, lakini hayasemi kwamba yako imekatika.

Kwa watu wasioumia, watafiti hutumia MRI kwa namna nyingine. Mtu hulala ndani ya mashine dakika 5 hadi 10 bila kazi yoyote, na mashine hupiga picha moja kila sekunde 2 hivi, ikifuatilia damu yenye oksijeni inavyopanda na kushuka katika kila eneo. Ukisikia ngoma mbili kutoka mitaa miwili zikipanda na kushuka pamoja kwa muda wote huo, utasema wapigaji wanasikilizana, ingawa hujaona kamba yoyote kati yao. Hicho ndicho kinachoitwa muunganiko katika tafiti nyingi ulizozisoma: maeneo mawili yanayokwenda pamoja. Waya hauonekani popote. Kwa kipimo hicho, utafiti mmoja wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kwa watu wenye aleksithimia ya juu, maeneo yanayoshughulika pale mtu anapojitafakari yalikuwa yameungana kwa ulegevu kidogo, huku yale ya kuona na ya kuhisi na kuendesha mwili yakiwa na muunganiko mkubwa zaidi. Inalingana na barua yako: akili nyingi kwenye matukio na mwili, kidogo kwenye kujitazama.

Lakini tazama matokeo hayo yanapatikanaje. Wanachukua wastani wa kundi moja na kuulinganisha na wastani wa kundi jingine, na tofauti huwa ndogo. Watu wengi wa makundi yote mawili huangukia katikati, wamechanganyika. Kichwa kikisogea hata chini ya milimita moja wakati wa picha, hesabu ya muunganiko hubadilika. Na hata tofauti ikiwa ya kweli, picha haisemi kipi kilitangulia: njia ililegea mtu akashindwa kutambua, au haikutumika miaka 30 ikalegea? Ndiyo maana tunakuambia pesa yako iache.

Basi una hitilafu? Kwa barua hatuwezi kukuambia kilicho ndani ya kichwa chako, lakini hakuna ulichoandika kinachoashiria ubongo ulioharibika. Mwili wako ulimwomboleza mzee. Shingo na moyo wa usiku ule, kwa maoni yetu, vilikuwa ni msiba uliofika mwilini na haukufika kwenye maneno. Moyo wa jiwe usingekwenda mbio.

Hata hivyo usiruke hatua ya daktari, kwa sababu yapo mambo mengine yanayozima hisia. Mwombe apime tezi ya shingo (kipimo cha TSH), kwani ikilegea mtu hupoa na kuchoka. Mwambie dawa zote unazotumia. Dawa za sonona kama fluoxetine na sertraline huwafanya baadhi ya watu wasihisi huzuni wala furaha, na zikiwa ndizo sababu, daktari hubadilisha dozi au dawa. Usiache ghafla mwenyewe. Mwambie kiasi cha pombe bila kupunguza hesabu. Mwambie kama umepoteza hamu ya chakula, ya kazi na ya tendo la ndoa tangu msiba, maana sonona yenyewe hupandisha aleksithimia, na ikitibiwa sehemu yake hushuka. Na kama tangu utoto ulikuwa pia unasumbuliwa na kelele, mwanga au mabadiliko ya ratiba, na urafiki ulikuwa kazi ngumu, taja. Karibu nusu ya watu wenye usonji wana aleksithimia, na wengi wamefika utu uzima bila kujijua.

Likitokea lolote kati ya haya, usisubiri zamu ya kliniki: kubadilika ghafla kwa tabia baada ya kugongwa kichwa, upande mmoja wa mwili kulegea, maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi, au wazo la kujiua. Siku hiyohiyo hospitali. Kujua kwamba una aleksithimia kusikufanye udharau kifua kinachouma.

Utakutana pia na dodoso linaloitwa TAS-20, lililotengenezwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1994. Lina sentensi 20, kila moja ina alama 1 hadi 5. Jumla ya 51 kushuka chini huhesabiwa kuwa hakuna aleksithimia, 52 hadi 60 ni katikati, 61 kwenda juu ipo. Wanaojipima wenyewe hukosea mahali pamoja: sentensi tano kati ya hizo zimeandikwa kinyume, na alama zake lazima zigeuzwe (5 iwe 1, 4 iwe 2) kabla ya kujumlisha. Usipogeuza, jumla ni ya bure. Pia linamuuliza mtu habari za kile ambacho hakioni vizuri, kwa hiyo mshauri mzuri ataomba na maoni ya mkeo.

Dawa ya vidonge hakuna. Anayekuuzia virutubisho vya "kuunganisha ubongo" anakuibia. Kilichopo ni mazoezi na tiba ya mazungumzo, na tafiti za tiba ya vikundi na ya ana kwa ana zimeonyesha alama zikishuka. Hushuka polepole. Hesabu miezi.

Sababu ya mazoezi kufanya kazi tunaipata hata ndani ya mashine. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na hofu. Walipochagua neno la hisia linaloendana na uso, amigdala ilitulia zaidi kuliko walipochagua jina la kumpa mtu wa kwenye picha, na eneo moja la mbele ya ubongo upande wa kulia likaongeza kazi. Kutaja hisia kwa jina ni kazi ambayo ubongo unaifanya, na inagusa palepale hisia inapoanzia.

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Weka kengele tatu kwenye simu: saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, saa tatu usiku. Kila ikilia, chukua dakika 2, usizidishe, maana mazoezi marefu huachwa ndani ya wiki. Andika kwa mpangilio huu: mwili ukoje na wapi, nini kilitokea ndani ya nusu saa iliyopita, mwili unataka kufanya nini (kuondoka, kupiga, kujificha, kulia, kumsogelea mtu, kulala), mwisho, inapendeza au haipendezi, na nguvu ziko juu au chini. Wiki mbili za kwanza ishia hapo. Usitafute jina kabisa. Wengi huharibu hapa: wanakimbilia jina, wanabahatisha "hasira" kwa kila kitu, na baada ya siku tano wanasema zoezi halifai.

Kuanzia wiki ya tatu ongeza jina, ukichagua kwenye orodha fupi uliyoibandika ndani ya jalada: furaha, huzuni, hasira, hofu, aibu, wivu, upweke, kinyaa. Kila jina lipe namba 0 hadi 10, na ruhusu mawili kwa pamoja. Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi:

"Saa tisa na dakika tano. Taya limekaza, mikono ya baridi, tumbo limejikunja chini ya kitovu. Kabla: msimamizi alisoma ripoti yangu ya mota kwa sauti, akataja kosa la hesabu, watu wanne wapo. Mwili unataka kutoka nje. Haipendezi, nguvu juu. Aibu 6, hasira 3."

Angalia jinsi jina lilivyopatikana. Taya na tumbo peke yake visingetosha, kwa sababu hofu, aibu na hasira huufanyia mwili mambo yanayofanana. Kilichoamua ni tukio na kile mwili ulichotaka kufanya. Anayetaka kutoka au kufunika uso huwa yuko karibu na aibu. Anayetaka kusogea mbele na kujibu yuko karibu na hasira. Aliyeishiwa nguvu, anayetaka kulala au kukaa karibu na mtu, mara nyingi ni huzuni. Haya si sheria, ni mahali pa kuanzia kukisia.

Maneno mawili yapige marufuku daftarini: "sawa" na "kawaida". La tatu, "nimechoka", liwekee sharti. Ukiliandika, andika pia umelala kwa muda wa saa ngapi. Aliyelala kwa muda wa saa 8 na hakubeba kitu kizito, akiandika uchovu, aulize kama si huzuni. Na jihadhari na sentensi inayoanza "nahisi kwamba". "Nahisi kwamba msimamizi ananionea" ni wazo kuhusu msimamizi. Hisia iko chini yake na bado haijaandikwa.

Mara tatu kwa wiki ongeza zoezi la moyo. Kaa, weka simu kwenye sekunde 30, funga macho, usijishike popote, hesabu mapigo unayoyasikia kweli. Andika namba. Kisha shika mshipa wa kifundo cha mkono sekunde 30 uhesabu tena. Usijaze kwa kukisia: anayejua kwamba moyo hupiga kama mara 70 kwa dakika huandika 35 bila kusikia hata moja. Ukisikia matano, andika matano. Likiwa gumu, panda na kushuka ngazi dakika 1 kwanza, kisha ukae. Kama kusikiliza moyo kunakupandisha hofu, kichwa kikazunguka na pumzi ikakatika, acha zoezi hili, tumia joto la mikono na ukazaji wa mabega badala yake.

Kitu kingine: siku ambayo kengele zote tatu zinakukuta huna chochote, andika hivyohivyo "hakuna", na endelea. Usitunge. Daftari lenye "hakuna" nyingi za kweli lina faida kwa mshauri kuliko lenye majina mazuri ya kubuni. Na ukianza kuona huzuni wiki ya sita au ya saba, hasa ya mzee, usidhani umeharibika. Wengine hupitia kipindi cha kujisikia vibaya zaidi kwa sababu sasa wanaona. Huo ndio wakati wa kuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Kuhusu shemeji yetu, mwonyeshe barua hii. Swali la "Unajisikiaje?" kwako ni gumu kuliko yote, kwa hiyo mkubaliane alibadilishe kwa muda. Aulize: "Leo mwili ukoje?" Au: "Kazini kulitokea nini?" Au akupe mawili uchague: "Umekasirika au umeumia?" Wewe nawe acha "Niko sawa". Sema "Sijajua bado, nipe mpaka baada ya chakula". Kisha baada ya chakula urudi mwenyewe, na daftari mkononi, hata kama ulichonacho ni "shingo imekaza tangu saa nane". Usiporudi, ahadi hiyo itakuwa jina jipya la kunyamaza, na atakuwa na haki ya kuchoka. Naye tunamwomba asipokee jibu fupi kama dharau, na asikutajie hisia zako kwa lazima. Akisema "Wewe una hasira, nakuona", anaweza kuwa sahihi au la, aseme anachokiona: "Umefunga mlango kwa nguvu." Hata hivyo yeye naye amefiwa na mkwe na ameishi na ukimya, muulize habari zake, usigeuze nyumba nzima kuwa darasa lako.

Mshauri wa kitaalamu mtafute kupitia kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakiona haja ya zaidi watakuandikia rufaa, iwe Mirembe huko Dodoma au Muhimbili. Siku ya kwanza mwambie waziwazi: "Nashindwa kutambua hisia zangu, nikiulizwa najisikiaje nakwama." Ukikaa kimya, utapata saa nzima ya swali lilelile na kimya kilekile, utasema ushauri hausaidii. Muulize kama anafanya kazi kwa kuanzia mwilini na kwa matukio halisi, na mna vikao vingapi. 12 hadi 20 ni kadirio la kawaida. Beba daftari. Chagua kurasa tatu, moja ambayo jina lilikushinda kabisa.

Binti yako. Utafiti wa mapacha wa Denmark wa mwaka 2007 ulikadiria kwamba urithi wa damu unachangia karibu theluthi moja ya tofauti za watu katika jambo hili. Inayobaki hutokana na malezi na maisha, na mtoto wa miaka minne ndiyo kwanza anajifunza majina. Humhitaji mtaalamu kwa hilo. Anza na zako, kwa sauti, kwa kifupi, ukitaja na sababu: "Baba amekunja uso kwa sababu umeme umekatika. Ni hasira, na si yako." Kisha zake: "Umejificha nyuma ya mama. Umeogopa mbwa?" Mwachie nafasi ya kukataa. Akisema hapana, haogopi, anataka tu kumwona mbwa akiwa mbali, mwamini, kwa sababu amejitazama akajibu. Akilia, usimwambie nyamaza kabla hujajua kilio ni cha nini. Mchukue, mtazame ameshika wapi, muulize tumbo, kidole au moyo. Tena fanya hivyo hata siku ambayo wewe mwenyewe daftari lako limeandikwa "hakuna" mara tatu.